Sukari Imesoma Sawa, Mgonjwa Anazidiwa: Metformini Inapozidi Mwilini

Mtu akimeza vidonge vya kisukari kupita kiasi, kitu cha kwanza kutafutwa nyumbani ni ile mashine ndogo ya kupimia sukari. Kidole kinadungwa, tone la damu linaguswa kwenye kijiti, watu wanainama juu ya kioo. Ikisoma 6.2, nyumba nzima inashusha pumzi: sukari haijashuka, mwacheni alale. Kwa baadhi ya dawa za kisukari faraja hiyo ina msingi, japo wa saa chache tu. Kwa metformini haina msingi wowote.

Metformini haiui kwa kushusha sukari. Huua kwa asidi inayojaa kwenye damu na kwa mishipa inayolegea hadi presha ikaporomoka, na yote mawili yanaweza kutokea huku mashine ikiendelea kusoma namba nzuri. Presha ikishuka kiasi kwamba ubongo, figo na moyo vinakosa damu ya kutosha, madaktari husema mgonjwa yuko kwenye mshtuko. Hapo hawazungumzii hofu, wanazungumzia mwili unaozimika. Makala hii inafuatilia mshtuko huo unatoka wapi, hospitali hupambana nao vipi, na kwa nini rangi ya buluu iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya vitambaa imeingia kwenye mazungumzo ya madaktari wa wagonjwa mahututi.

Niseme mapema kabla sijamtia mtu wasiwasi: metformini ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na kwa dozi iliyoandikwa na figo zikiwa salama, madhara ninayoyaeleza hapa ni nadra sana. Asiache mtu vidonge vyake kwa kusoma makala.

Dawa moja ni ya kongosho, nyingine ni ya ini

Kuna dawa za kisukari zinazolisukuma kongosho limwage insulini. Glibenklamidi ni mojawapo, na wazee wengi wa Majengo na Mji wa Kale hapa Mombasa bado wanaijua kwa jina la Daonil. Gliklazidi na glimepiridi ziko ukoo huohuo. Hizi zikizidi, au insulini yenyewe ikizidi, sukari inaanguka: jasho, kutetemeka, maneno kutoeleweka, degedege, kisha fahamu kupotea. Hapo mashine ya sukari inasema kweli.

Metformini haimwagi insulini. Kazi yake kubwa iko kwenye ini, ambako inapunguza sukari ambayo ini hutengeneza lenyewe usiku na mchana. Ini hutengeneza sukari hiyo kutokana na malighafi mbalimbali, na mojawapo ni laktati, taka inayozalishwa na misuli, chembe nyekundu za damu na utumbo kila siku ya Mungu. Kwa mtu mzima wa afya, ini na figo huichukua laktati kwa kasi ileile inayozalishwa, ndiyo maana kipimo chake kwenye damu hubaki chini ya milimoli 2 kwa lita.

Metformini ikiwa nyingi kupita kiasi, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Ini linashindwa kuigeuza laktati kuwa sukari, kwa hiyo haiondoki. Pia, ndani ya seli, kwenye mitokondria ambako oksijeni hutumika kutengeneza nguvu, dawa hii inabana hatua ya kwanza ya mnyororo wa kazi. Seli ikishindwa kutumia oksijeni ipasavyo inahamia kwenye njia ya dharura isiyohitaji oksijeni, na njia hiyo huzalisha laktati zaidi. Inaingia nyingi, inatoka kidogo. Mapafu yanaweza kuwa mazima na oksijeni ya damu ikasoma asilimia 98, lakini seli zinaishi kana kwamba hewa imekatika.

Asidi huja pamoja na laktati hiyo. Kipimo chake ni pH: namba ikishuka, asidi imepanda. Damu ya kawaida ina pH kati ya 7.35 na 7.45. Kwa wagonjwa waliozidiwa na metformini, pH hufika 7.0 na chini yake, na laktati hupita milimoli 20. Namba hizo ukizitaja mbele ya daktari yeyote wa zamu ya usiku, ataacha anachofanya.

Hofu ya asidi hii ina historia. Metformini ina asili katika utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao galega, ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1922 huko Dublin, na daktari Jean Sterne akaanza kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari Ufaransa mwaka 1957. Ilikuwa na ndugu yake, fenformini, ambaye alitumika sana hadi ilipobainika kwamba anawasababishia watu asidi ya laktiki. Fenformini ikaondolewa sokoni katika nchi nyingi miaka ya 1970, na doa hilo likaipaka metformini pia. Marekani haikuiruhusu hadi mwisho wa 1994.

Si lazima mtu awe amemeza boksi zima

Ini haliivunji metformini. Dawa inatoka ilivyoingia, kupitia figo. Figo zikiwa nzima, kiasi kilichoko kwenye damu hupungua kwa nusu katika muda wa saa sita hivi. Figo zikifeli, kila kidonge kinamkuta mwenzake bado yumo. Kwa hiyo mshtuko wa metformini una milango miwili: aliyemeza nyingi kwa mara moja, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, na aliyemeza dozi yake ya kawaida bila kujua kwamba figo zimesimama.

Mlango wa pili ndio unaonikera zaidi, kwa sababu aghalabu ungeweza kufungwa mapema. Mzee ana kisukari na presha, anatumia metformini pamoja na enalaprili au losatani na kidonge cha kukojoza. Anapata kuhara na kutapika siku tatu, jambo ambalo Mombasa si geni. Anashindwa kunywa maji, lakini dawa haachi, maana ameambiwa dawa za sukari haziachwi. Magoti yanamuuma, ananunua diklofenaki dukani. Mwili umekauka, dawa za presha na ya maumivu zinazibana figo, na metformini inaendelea kuingia asubuhi na jioni. Siku ya nne analetwa hospitali akiwa hajitambui, na hakuna aliyezidisha hata kidonge kimoja. Ushauri ambao kila kliniki ya kisukari ingepaswa kuurudia ni huu: ukitapika au kuhara hadi unashindwa kunywa, piga simu au nenda kituoni uulize kama metformini isimamishwe kwa muda. Wakati wa Ramadhani swali hilo liulizwe kabla ya mwezi kuandama. Na mwenye figo zilizoshuka sana, chini ya 30 katika kipimo cha jinsi figo zinavyochuja damu, kwa kawaida hapewi metformini kabisa.

Saa zinavyokwenda

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama wa makamo wa Kisauni amemeza vidonge vingi baada ya isha. Saa nne za usiku anahisi kichefuchefu. Usiku wa manane anatapika na tumbo linamsokota. Mwanawe anadhani ni viazi karai vya jioni. Sukari inapimwa, iko sawa. Anapewa maji ya ndimu. Alfajiri inapoadhiniwa, bintiye anagundua kitu kimoja: mama anapumua. Anapumua kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyepanda ngazi kwa kukimbia, ilhali amelala. Mikono ni baridi. Akiulizwa swali anajibu la pili.

Pumzi hiyo ndiyo dalili ninayotaka msomaji aikumbuke. Mwili uliojaa asidi hujaribu kuitoa kupitia mapafu, kwa kupumua haraka na kwa kina ili kutoa kaboni dayoksaidi. Hapo mtu si mwenye pumu wala hajapandwa na majini. Anapigana na asidi. Inapofika hatua hii, kilichobaki ni muda mfupi kabla presha haijaporomoka.

Kwa nini inaporomoka? Anayeishi ghorofa ya nne anajua: tangi linaweza kuwa limejaa na pampu ikafanya kazi, lakini mifereji yote ya chini ikifunguliwa kwa pamoja, juu maji hayafiki. Ndivyo mishipa midogo ya damu inavyofanya kwenye mshtuko huu. Inatanuka mwili mzima kwa wakati mmoja. Asidi inaifanya isiitikie adrenalini ya mwili inayoiamuru ijibane, na gesi ya naitriki oksaidi, ambayo kuta za mishipa hutengeneza zenyewe kwa ajili ya kujilegeza, nayo inachangia. Juu ya hayo moyo wenyewe ukiogelea kwenye asidi hupiga kwa udhaifu. Ukiongeza maji ya mshipa tu, unajaza tangi ambalo halikuwa tupu.

Kinachofanyika chumba cha dharura

Mgonjwa akiletwa mapema, ndani ya saa moja hivi, na akiwa anajitambua vizuri, anaweza kupewa mkaa wa dawa anywe. Mkaa huo hunasa dawa iliyobaki tumboni. Si makaa ya jikoni. Vidonge vya kuachia dawa polepole hubaki tumboni muda mrefu zaidi, kwa hiyo dirisha la mkaa linaweza kuwa pana kidogo. Mgonjwa aliyesinzia hapewi, maana atautapika uingie mapafuni.

Damu inachukuliwa kwa ajili ya gesi za damu, laktati, sukari, chumvichumvi na figo. Kipimo cha kwanza kikiwa safi hakimwachilii mtu. Laktati hupanda taratibu na inaweza kusoma kawaida saa ya pili kisha ikawa 12 saa ya nane. Kwa hiyo inarudiwa, tena na tena. Moyo unapimwa kwa umeme, na damu inaangaliwa parasetamoli, kwa sababu aliyemeza dawa moja kwa kusudi mara nyingi amemeza na nyingine, na parasetamoli haionyeshi sura yake mapema. Kama kabati la nyumbani lilikuwa na amlodipini ya presha, hiyo ni habari kubwa. Amlodipini ikizidi nayo huleta mshtuko, na mojawapo ya tiba zake ni insulini kwa kiwango kikubwa pamoja na glukosi. Ndiyo, mgonjwa aliyezidisha dawa ya kisukari anaweza kutibiwa kwa insulini.

Maji ya mshipa hutolewa, lakini hata hapo kuna la kufikiri. Maji ya aina ya Ringa yana laktati ndani yake, na ini la mgonjwa huyu haliwezi kuishughulikia. Maji ya chumvi ya kawaida yakizidi huongeza asidi kwa njia yake yenyewe. Daktari anachagua kwa uangalifu, na anaacha kumwaga maji pindi anapoona presha haiitikii.

Kisha kuna mtego wa mashine ya kupumulia. Mgonjwa anachoka, fahamu zinashuka, inaamuliwa alazwe usingizi na kuwekwa bomba la hewa. Ni uamuzi wa haki, lakini mtu huyu alikuwa anapumua mara 35 kwa dakika kwa sababu. Mashine ikiwekwa kwenye mwendo wa kawaida wa mara 14, asidi iliyokuwa ikitoka kwa pumzi inabaki ndani, pH inaanguka kwa dakika chache, na moyo unaweza kusimama. Wanaojua kazi hii huiweka mashine ifuate kasi aliyokuwa nayo mgonjwa.

Presha ikiwa haishiki, inaanza noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, inayopitishwa kwenye mpira mkubwa wa mshipa wa shingo. Lengo la kawaida ni wastani wa presha usiopungua 65. Isipotosha, vasopresini inaongezwa. Hii hubana mishipa kwa njia tofauti isiyotegemea adrenalini. Adrenalini yenyewe inaweza kufuata, ila ina hila moja: nayo hupandisha laktati, kwa hiyo daktari akiona laktati imeongezeka baada ya kuianza hajui mara moja kama ni sumu au ni dawa yake.

Sodiamu baikaboneti, dawa inayopunguza makali ya asidi, hutolewa mara kwa mara na hubishaniwa mara kwa mara. Inainua pH, na pH ikiwa mbaya mno hiyo peke yake ni nafuu. Lakini inaleta mzigo wa chumvi na maji, inashusha kalisi inayohitajika na moyo, na inazalisha kaboni dayoksaidi ambayo mapafu yaliyochoka yanapaswa kuitoa. Maoni yangu: ni ya kununulia muda huku mashine ya kusafisha damu ikiandaliwa, na si badala yake.

Mashine ya kusafisha damu ndiyo tiba

Hakuna dawa ya kuizima metformini. Kinachokaribia zaidi ni dayalisisi, na metformini ni kama imeumbwa kwa ajili yake: molekuli yake ni ndogo, inayeyuka kwenye maji, na haishikamani na protini za damu, kwa hiyo inapita kwenye kichujio bila taabu. Maji ya dayalisisi nayo yana baikaboneti, hivyo mashine ileile inayotoa sumu inarekebisha asidi, bila kumlundikia mgonjwa maji na chumvi. Mambo mawili kwa sindano moja ya shingo.

Mwaka 2015 kundi la kimataifa la wataalamu wa sumu na figo, EXTRIP, lilitoa mwongozo unaotumika hadi leo. Laktati ikizidi 20, au pH ikiwa 7.0 au chini yake, au matibabu ya kawaida yakishindwa, mgonjwa aunganishwe. Laktati ikiwa kati ya 15 na 20, au pH kati ya 7.0 na 7.1, inapendekezwa pia. Na akiwa na mshtuko, figo zimefeli, ini limefeli au fahamu zimeshuka, daktari asisubiri namba zifike huko. Kusafisha kunaendelea hadi laktati ishuke chini ya 3 na pH ipite 7.35, na hata baada ya kusimamisha, vipimo vinarudiwa, kwa sababu dawa iliyojificha kwenye misuli na chembe za damu hurudi kwenye mzunguko na kuleta wimbi la pili.

Mombasa ina mashine hizi, za umma na za binafsi. Mpango wa serikali wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza mwaka 2015 ulizisambaza dayalisisi hadi kaunti ambazo hazikuwa nazo. Lakini kiti cha mgonjwa wa figo anayekuja Jumatatu na Alhamisi akiwa na sandwichi na simu yake, na kitanda cha mtu mwenye presha ya 60 kwa 30 saa tisa za usiku, ni vitu viwili tofauti. Huyu wa pili anahitaji mashine ipelekwe chumba cha wagonjwa mahututi, muuguzi wa dayalisisi aitwe kutoka nyumbani, na daktari aliye tayari kumuunganisha mtu ambaye presha yake inaweza kushuka zaidi mashine ikianza kuvuta. Ndiyo maana simu ya kuomba dayalisisi inapaswa kupigwa laktati ikiwa inapanda, si presha ikishaisha. Kama kituo alichofikishwa hakina, rufaa ianze hapohapo. Kwa anayetoka Likoni au Mtongwe, kivuko kinaingia kwenye hesabu. Barabara ya Dongo Kundu sasa inatoa njia nyingine ya kuzunguka.

Rangi ya buluu

Kuna wagonjwa ambao noradrenalini, vasopresini na adrenalini zote zinapita mwilini kwa kiwango cha juu na presha bado haisimami. Hapo ndipo jina la methilini buluu linapotajwa.

Si dawa mpya. Mkemia Heinrich Caro aliitengeneza Ujerumani mwaka 1876 kama rangi ya nguo. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na mwenzake waliijaribu Berlin kwa wagonjwa wawili wa malaria. Baadaye ikawa dawa ya watu ambao hemoglobini yao imeharibiwa na kemikali ikashindwa kubeba oksijeni, na wanaopasua akina mama wenye fistula wanaijua kama rangi ya kutafutia tundu.

Kwenye mshtuko inafanya kazi tofauti. Ile naitriki oksaidi inayolegeza mishipa hupitisha amri yake kupitia kimeng'enya kilichoko ndani ya misuli ya mshipa. Methilini buluu hukizuia kimeng'enya hicho, na pia hupunguza utengenezaji wa gesi yenyewe. Amri ya kulegea ikikatika, mshipa unaanza tena kusikia noradrenalini iliyokuwa ikipita bure. Hutolewa taratibu mshipani, kwa kawaida miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, na ikifaulu presha hupanda ndani ya saa moja. Mfuko wa mkojo unageuka kijani, kisha buluu iliyokolea. Ndugu waambiwe kabla hawajauona.

Ushahidi wake kwa metformini ni wa ripoti za mgonjwa mmoja mmoja, ambazo kwa tabia yake huandikwa zaidi pale mgonjwa anapopona. Haiondoi hata chembe moja ya metformini. Ninaiona kama daraja: inamshikilia mtu awe hai saa kadhaa ili dayalisisi ipate nafasi. Anayeipewa bila mpango wa dayalisisi amepewa rangi tu.

Na kwa pwani yetu ina swali ambalo vitabu vya nchi za baridi hulipitia haraka. Watu wengi wa maeneo ya malaria, na ukanda wa Pwani ya Kenya umo, wamezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kwa sababu upungufu huo uliwakinga mababu dhidi ya malaria kali. Huonekana zaidi kwa wanaume. Mtu wa namna hiyo akipewa methilini buluu, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka kwa wingi, na mgonjwa aliyekuwa kwenye mshtuko sasa anapungukiwa na damu pia. Kwa hiyo swali kwa familia ni la maana kabisa: kuna mtu nyumbani aliyewahi kukojoa mkojo mweusi au kugeuka manjano baada ya kupewa dawa, au mtoto aliyewahi kuambiwa asipewe dawa fulani za malaria?

Hatari ya pili ni dawa za msongo wa mawazo. Methilini buluu ikikutana na fluoksetini, setralini na za aina hiyo, hata tramadoli, inaweza kuleta homa kali, kukakamaa na kuchanganyikiwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2011. Na nani ana uwezekano mkubwa wa kuwa akitumia dawa hizo? Mtu aliyemeza vidonge kwa kusudi. Mwisho, rangi hii hukidanganya kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni: kinaweza kusoma 70 huku mgonjwa akiwa salama. Gesi za damu ndizo za kuaminiwa.

Zile nyingine, kwa kifupi

Kwa glibenklamidi na ndugu zake tiba ni glukosi mshipani, na ikiwa sukari inaanguka tena, okitreotidi, dawa inayolizuia kongosho lisiendelee kumwaga insulini. Glukosi peke yake ina kasoro: inalichochea kongosho lililokwisha kuchochewa. Mgonjwa hukaa wodini walau saa 24 hata akiamka anacheka, kwa sababu sukari hushuka tena usiku. Mtoto mdogo aliyeokota kidonge kimoja tu cha bibi yake apelekwe hospitali bila kusubiri dalili.

Kutoka nyumbani hadi getini

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Beba maboksi yote ya dawa yaliyo nyumbani, hata yaliyo tupu, na ukumbuke saa aliyomeza. Karatasi hizo za vidonge humwambia daktari kiasi kilichomezwa, na kama ni vile vya kuachia dawa polepole. Ukiwa na mashine ya sukari pima, lakini ondoka vilevile.

Kilichowachelewesha wengi si foleni wala kivuko. Ni polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilikifanya kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa, na adhabu ingeweza kufika miaka miwili jela. Familia zilisubiri nyumbani, au zilidanganya kwamba ni sumu ya chakula, na daktari akatibu tumbo huku asidi ikipanda. Januari 2025 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili, iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Habari hiyo haijafika kila mtaa. Sema kweli unapofika dirishani. Na kwa anayehisi mambo yamemzidi kabla hajafika huko, Msalaba Mwekundu wa Kenya una laini ya bure, 1199.

Walio wengi kati ya wanaovuka siku ya kwanza figo zao hurudi, ingawa wengine huhitaji dayalisisi kwa muda. Kisha linakuja swali la kisukari chenyewe, maana hakikuondoka. Wapo wanaorudishiwa metformini ileile, kwa dozi ndogo, figo zikishapimwa upya, wengine hubadilishiwa. Uamuzi huo ni wa daktari wa kisukari na wa afya ya akili wakiwa wamezungumza, na familia ikiwa imeshakubaliana nani atakayeshika boksi la dawa na kutoa za wiki moja moja.